Elimu ya Mfanyakazi Isiwe Kama Belo la Mitumba



Nawaandikieni kutoka Owino, soko kubwa lililo katikati ya Kampala, kando ya uwanja wa Nakivubo. Kwenye karatasi za serikali jina lake ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, lakini mgeni akiuliza njia ataelekezwa Owino. Mimi ni mwandalizi wa chama. Shule yangu iliishia darasa la saba. Baada ya hapo nilifundishwa na kazi: miaka sita katika shamba la maua, miaka minne kwenye cherehani hapa sokoni, na iliyobaki katika kuzunguka huku na huku kwa ajili ya chama. Kwa hiyo msitegemee kwangu maneno ya profesa. Nitasema niliyoyaona.

Siku moja nilikuwa nimekaa na akina mama wauzao nguo za watoto. Akaja kijana mmoja, msafi, mwenye adabu, amebeba karatasi. Akasema anafanya utafiti juu ya maisha ya wachuuzi, naye ana maswali arobaini. Mama mmoja mzee, ambaye sisi sote tunamwita Jjajja, akamtazama kwa upole, akamwambia: "Mwanangu, keti. Nitakujibu. Lakini wewe ni wa tano kunijia. Wale wanne wa kwanza niliwapa majibu yangu yote. Je, waligundua nini? Maana hakuna hata mmoja aliyerudi kuniambia."

Kijana yule hakuwa mtu mbaya. Alisema kweli. Alisema ripoti huandikwa kwa Kiingereza, hupelekwa kwa ofisi iliyolipa, na basi. Akina mama wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini nilipofika nyumbani sikuona tena la kuchekesha.

Ndugu zangu, hilo ndilo jambo la leo. Maarifa yanachukuliwa kwetu kila siku, na maarifa yanaletwa kwetu kila siku, lakini mkono unaochukua na mkono unaoleta haukutani nasi mezani.

MANENO MAKUBWA NA MAANA YAKE

Mwaka 2015 mataifa ya dunia yalikutana katika Umoja wa Mataifa yakakubaliana malengo 17 ya maendeleo endelevu, yafikiwe ifikapo mwaka 2030. Lengo la 8 linataja kazi yenye heshima. Lengo la 17, la mwisho kabisa, linataja ushirikiano: kwamba serikali, makampuni, vyuo na vyama vya wananchi vishirikiane fedha, ufundi na maarifa, ili aliye nyuma asiachwe nyuma.

Maneno hayo ni mazuri, sina ugomvi nayo. Lakini mfanyakazi ana haki ya kuuliza: ushirikiano wa nani na nani? Punda na mwenye mzigo nao husafiri pamoja, wakafika pamoja, wala hatusemi kwamba wameshirikiana.

Tena tunaambiwa liko "pengo la maarifa". Wakubwa wanaposema hivyo, mara nyingi huwa wanafikiri pengo hilo limo kichwani mwa mfanyakazi, na dawa yake ni kuja na semina wakalijaza. Mimi nasema pengo halimo kichwani mwa mtu. Pengo liko kati ya watu. Huyu anajua nusu, yule anajua nusu, na hakuna aliyewakutanisha.

Nitatoa mfano wa hapa hapa. Owino lilifunguliwa mwaka 1971 na tangu hapo limejaa watu maelfu kwa maelfu. Limeungua zaidi ya mara moja. Moto wa mwaka 2009 na ule wa mwaka 2011 tunaukumbuka, maana watu waliamka maskini na bado wana deni la benki. Sasa fikirini: siku ya moto, nani anajua kichochoro kipi kinapitika na kipi kimezibwa na meza? Ni mchuuzi. Nani anajua waya upi umeunganishwa kienyeji juu ya mabelo ya nguo? Ni mchuuzi na fundi wake. Nani ana gari la maji na anajua namna ya kuuzima moto wa nguo? Ni zimamoto. Basi hawa wawili wasipokutana kabla ya moto, watakutana kwenye majivu, kila mmoja akimlaumu mwenzake. Huko kukutana mapema ndiko ushirikiano.

KIBAO CHENYE FUVU

Wenzangu wa mashambani, nanyi nina lenu, maana nami nimetoka huko.

Katika shamba la maua nililofanyia kazi, na jina lake halina haja hapa, tulikuwa tukiingia ndani ya nyumba za plastiki kukata maua. Dawa ilikuwa ikipigwa asubuhi. Baada ya dawa kupigwa kuna muda wa kungoja kabla mtu hajaruhusiwa kuingia, na muda huo umeandikwa kwenye karatasi ya mkebe. Mkebe ulikuwa na picha ya fuvu na maandishi madogo ya Kiingereza. Nyapara aliangalia saa ya meneja, hakuangalia karatasi ya mkebe. Tukaingia. Mwenzetu mmoja, mama wa watoto watatu, akaanza kutokwa na machozi na mate, akatapika, akaanguka. Tulipomfikisha zahanati, mganga akauliza: "Ni dawa gani?" Tukatazamana. Watu kumi na wawili tuliovuta hewa ile, hakuna aliyejua jina lake. Ikabidi kijana mmoja akimbie shambani kuusoma mkebe, arudi na jina limeandikwa kwenye kiganja cha mkono.

Mama yule alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini niambieni, nani alikuwa mjinga hapo? Mtengenezaji wa dawa alijua. Mtaalamu wa shamba alijua. Mpiga dawa alijua kiasi. Sisi tulijua dalili, maana tulikuwa tukiziona kwa wenzetu kila wiki. Ujuzi wote ulikuwapo shambani. Ila ulikaa mafungu mafungu, na fungu la kutuokoa lilikuwa katika lugha tusiyoisoma.

Chama kilipoingia baadaye, dai letu la kwanza halikuwa mshahara. Lilikuwa ubao. Tulitaka mlango wa kila nyumba ya maua uwe na ubao, na juu yake mpiga dawa aandike jina la dawa, saa ya kupiga, na saa ya kuingia, kwa lugha tunayoisoma. Wakubwa walidhani tunatania. Ubao na chaki havikugharimu hata bei ya mkebe mmoja wa dawa. Lakini kuanzia siku ile mtaalamu alilazimika kumweleza mpiga dawa, mpiga dawa akamweleza mkataji, na mkataji akapata neno la kumwambia nyapara: "Saa bado." Kwangu mimi ubao ule ulifundisha kuliko semina zote nilizowahi kukaa.

Nanyi ambao hamna ubao bado, shikeni hili mlitumie kesho. Mikebe mingi ya dawa ina mstari wa rangi chini ya karatasi yake. Nyekundu ni hatari kubwa kabisa. Manjano inafuata. Kisha buluu. Kijani ni hatari ndogo zaidi, lakini kijani si maji ya kunywa. Na mwenzenu akianguka, mpelekeni zahanati pamoja na jina la dawa. Jueni pia kwamba tangu mwaka 2001 uko mkataba wa Shirika la Kazi Duniani, namba 184, unaohusu usalama na afya katika kilimo. Unasema kwamba mfanyakazi wa shamba ana haki ya kuelezwa hatari za kazi yake na kushauriwa juu yake, na kwamba anaweza kujiondoa penye hatari kubwa ya karibu bila kuadhibiwa. Serikali ikiwa imeuridhia au haijauridhia, ninyi mkiujua mnakuwa na mahali pa kuanzia mnapozungumza na mwajiri.

PESA INAYOPOTEA KWA KUTOJUA

Tuje kwa wa viwandani na wa vyumba vya kushona.

Hapo zamani sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ilimbana mwajiri mwenye wafanyakazi watano au zaidi. Mwenye wanne alikuwa huru. Mwanzoni mwa mwaka 2022 sheria ilibadilishwa. Sasa kila mwajiri anatakiwa kuchangia, hata akiwa na mfanyakazi mmoja. Mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri huongeza asilimia 10 kutoka mfuko wake mwenyewe, si kutoka mshahara wako.

Nilipoyasema hayo katika mkutano wa mafundi cherehani, dada mmoja alisimama. Wako watatu katika chumba cha tajiri wao. Tangu 2022 tajiri amekuwa akiwaambia, "NSSF ni ya makampuni makubwa." Basi tulipiga hesabu pale pale kwa chaki sakafuni. Mshahara wake ni shilingi 200,000 kwa mwezi. Asilimia 5 yake ni 10,000. Asilimia 10 ya tajiri ni 20,000. Jumla 30,000 kila mwezi, yaani 360,000 kwa mwaka. Kwa miaka kumi ni shilingi 3,600,000, bado hatujahesabu faida. Dada yule alinyamaza kwa muda, kisha akauliza: "Kwa hiyo kutojua kwangu kumekuwa mshahara wa tajiri?" Sikuwa na jibu zuri kuliko swali lake.

Sheria hiyo hiyo imeweka kwamba mwanachama aliyetimiza miaka 45, na aliyechangia miaka kumi, anaweza kuchukua mpaka asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Na mchuuzi au fundi anayejiajiri anaweza kuweka akiba yake kwa hiari. Mambo haya hayakufichwa. Yalitangazwa. Lakini yalitangazwa kwa nani, wapi, na kwa lugha gani? Tangazo lililobandikwa kwenye ukuta wa ofisi yenye mlinzi mlangoni haliwezi kusomwa na mshona vifungo wa Owino.

MCHUUZI NA MFANYAKAZI WA KIWANDA

Najua wako watakaouliza: sisi tuko kiwandani Jinja, au kwenye miwa ya Kakira, au kwenye chai ya Fort Portal; Owino inatuhusu nini? Mchuuzi si mfanyakazi, ni mfanya biashara.

Ndugu zangu, nendeni mkaulize wale waliokaa nyuma ya meza hizi walikuwa nani zamani. Huyu alikuwa mfumaji, kiwanda kikapunguza watu. Yule alikatwa miwa mpaka mgongo ukakataa. Huyu mume wake ni kuli wa ghala. Kiwanda kikifunga mlango wa mbele, watu hutokea Owino. Hata Shirika la Kazi Duniani mwaka 2015 lilipitisha pendekezo namba 204, kwamba watu wa kazi zisizo rasmi nao wana haki ya kujiunga na kulindwa. Kwa hiyo tusiwe sisi wa mwisho kulitambua.

Lakini liko jambo linalotugawa, na afadhali tulitaje wazi. Jambo hilo ni mitumba, ambayo sisi hapa tunaiita mivumba.

Mwaka 1954 kilianzishwa Jinja kiwanda kikubwa cha nguo cha NYTIL, mwaka ule ule bwawa la umeme la Owen Falls lilipofunguliwa. Wazee wanakumbuka vitambaa vyake. Baadaye vita, uchumi kuvunjika na nguo za bei rahisi kutoka nje viliangusha viwanda vyetu. Hadi leo sehemu kubwa sana ya pamba ya Uganda husafirishwa nje ikiwa nyuzi mbichi, kisha dunia inaturudishia nguo iliyokwisha kuvaliwa.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba pole pole ifikapo 2019. Wafanya biashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, nayo ikatishia kuziondoa nchi zetu katika mpango wa AGOA, uliokuwa ukiruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Nchi nyingine zikalegeza. Rwanda haikulegeza, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika mpango huo. Kisha Agosti 2023, Rais Museveni akiwa Mbale kwenye viwanda vipya, alitangaza kwamba nguo kuukuu zinapigwa marufuku, akasema ni nguo za watu waliokufa. Siku zile Owino lilikuwa kama mzinga uliopigwa jiwe. Hata hivyo mitumba iliendelea kuuzwa.

Sasa sikilizeni kilichotokea kwetu sisi wanyonge. Mfanyakazi wa kiwanda cha nguo alisema: "Vizuri! Sasa kiwanda kitapata soko, nami nitapata kazi." Mchuuzi akasema: "Watoto wangu watakula nini?" Wakaanza kutukanana, mjomba na mpwa, wote waliotoka kijiji kimoja.

Wakati huo hakuna aliyewakalisha pamoja wakaambiana wanayoyajua. Mchuuzi anajua jambo ambalo mwenye kiwanda angelipia pesa nyingi kulijua: mnunuzi wa Uganda anataka nguo gani, ya kitambaa gani, ya kipimo gani, na kwa shilingi ngapi ataondoka. Analijua hilo kila jioni anapohesabu kilichobaki. Fundi wa Owino naye hufumua koti la Ulaya akalishona upya likamkaa Mganda mabega. Huyo ni mchora mitindo, ijapokuwa hana cheti. Na mfanyakazi wa kiwanda anajua mambo ambayo mchuuzi hayajui: uzi unavyopotea, mashine inavyokaa siku tatu ikingoja kipuri, umeme unavyopandisha bei ya mita moja ya kitambaa. Wangekutana, huenda wangegundua kwamba swali si mitumba au kiwanda kwa siku moja, bali ni kwa hatua zipi, kwa miaka mingapi, na nani atamshika mkono mchuuzi wakati wa mpito. Hayo si mambo ya kuamuliwa na watu ambao hawajawahi kufungua belo wala kusimama mbele ya mashine ya kufuma.

CHUO KILICHOKUWA KAMPALA

Wengine watasema ninaota. Siyo. Mwaka 1958, hapa hapa Kampala, shirikisho la kimataifa la vyama huru vya wafanyakazi, ICFTU, lilifungua chuo cha wafanyakazi wa Afrika. Viongozi wa vyama kutoka nchi mbalimbali za bara hili walikuja kujifunza kuongoza mikutano, kutunza hesabu za chama, kujadiliana na waajiri na kusoma mikataba. Wengi wao walikuwa watu wa shule ndogo kama mimi. Huo ulikuwa ushirikiano wa maarifa kabla hata neno hilo halijawa la mtindo.

Chuo kile hakikudumu. Miaka ya sitini ilipokuwa ikimalizika kilikuwa kimekwisha fungwa. Pesa zake zilitoka nje, na serikali mpya za Afrika hazikupenda vyama vyenye kamba iliyoshikwa ng'ambo. Sitaki kuamua nani alikuwa na haki. Nataka tuone somo tu: nyumba ilikuwa yetu, wanafunzi walikuwa sisi, lakini ufunguo haukuwa mkononi mwetu. Siku wenye ufunguo walipogombana na wenye nchi, sisi tulibaki nje.

Mfano wa karibu zaidi ni wa chama cha wafanyakazi wa uchukuzi na kazi za jumla, ATGWU. Katika miaka iliyofuata 2013, kwa kushirikiana na shirikisho la dunia la wafanyakazi wa uchukuzi, ITF, chama hicho kiliviingiza vyama vya waendesha bodaboda na wa madereva wa taksi kama vilivyo, pamoja na viongozi wao. Hakikuwaambia, "Vunjeni vyama vyenu mje mfundishwe." Kutoka wanachama elfu chache kikafika makumi ya maelfu. Bodaboda wakajifunza kukaa mezani na polisi badala ya kukimbizana nao, na wazee wa chama wakajifunza kutoka kwa bodaboda namna ya kuwaita watu elfu kwa saa moja. Kila upande ulitoa na kila upande ulipokea.

TUJILAUMU NA SISI

Haingekuwa haki nikiwalaumu watafiti na matajiri tu. Nami nina fulana nne za semina nyumbani. Nimekwenda kwenye hoteli, nimekula kuku, nimetia saini, nimepokea nauli, nimerudi na mfuko wenye kalamu na vitabu. Na vitabu vile, nikiri, viwili bado viko ndani ya plastiki yake. Wafanyakazi walionituma walilipa ada zao nikasafiri, na niliporudi niliwaambia "semina ilikuwa nzuri". Basi. Nina tofauti gani na yule kijana wa maswali arobaini? Afadhali yeye hakuchukua ada ya Jjajja.

Kiongozi wa chama anayejifunza jambo asirudi kulisema ni mwizi wa maarifa. Nimelisema hilo kwangu mwenyewe kwanza.

TUNALOTAKA

Ndiyo maana nimeanza na belo. Mchuuzi wa Owino hulinunua belo likiwa limefungwa. Hakulichagua, hakuliona ndani, limepangwa na mtu mwingine nchi nyingine. Akilifungua huenda akakuta makoti ya baridi kali yasiyofaa Kampala, na hela zimekwenda. Elimu nyingi tunayoletewa huja vivyo hivyo. Kwa hiyo napendekeza mambo matano, yajadiliwe matawini:

Kwanza, mtafiti yeyote atakayeingia kiwandani, shambani au sokoni kupitia chama, aahidi kurudi. Arudi na majibu, ayaseme mbele ya watu aliowauliza, kwa Luganda, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mahali pale. Asiporudi, mwenzake wa taasisi ile ile asifunguliwe mlango.

Pili, maswali yatungwe pamoja. Jjajja ana maswali yake ambayo Makerere ingefaa kuyachunguza: kwa nini mfereji wa Nakivubo unafurika na kuingia sokoni? Maji machafu ya soko yakipita kwenye kinamasi cha Nakivubo yanafika ziwani yakoje, ikiwa maji tunayokunywa yanachotwa huko huko Ggaba? Mtu anayefagia taka za mfereji ule ana mengi ya kumwambia mhandisi.

Tatu, kila aendaye semina kwa jina la chama afundishe watu wasiopungua kumi katika wiki mbili baada ya kurudi, na orodha yao isomwe mkutanoni. Asiyefundisha asitumwe tena. Nianze mimi.

Nne, sehemu ya ada zetu, hata iwe ndogo, itengwe kwa elimu. Mshirika wa nje akija na pesa, tumkaribishe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini akikuta jiko halina kuni hata moja za mwenyeji, siku atakayoondoka moto utazimika. Tusisahau chuo cha 1958.

Tano, matawi ya viwanda vya nguo na vyama vya wachuuzi wa Owino yakutane mara mbili kwa mwaka, mara moja kiwandani na mara moja sokoni. Wasikutane hotelini. Mfumaji aione meza ya mchuuzi, na mchuuzi aisikie mashine ya mfumaji. Wakishajuana, anayetaka kuwagombanisha atapata kazi ngumu.

Haya si mambo ya mamilioni. Ubao na chaki havikuwa vya mamilioni. Mwaka 2030 uliowekwa na mataifa utafika, na wakubwa watakutana kuhesabu malengo mangapi yametimia. Watahesabu kwa karatasi zao. Sisi tuhesabu kwa zetu: ni wakataji maua wangapi wanajua saa ya kuingia, ni mafundi wangapi wanaijua haki yao ya NSSF, ni wachuuzi wangapi wanajua njia ya kukimbilia moto ukiwaka.

Juzi nilimtembelea Jjajja nikamsomea makala hii kabla sijaileta kwa mhariri, maana nimetumia maneno yake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Vizuri, mwanangu. Sasa wewe ndiye wa kwanza kurudi." Halafu akaniuliza mkutano wa kwanza wa jambo la tano ni lini, ili ajue siku ya kumwachia mjukuu meza.

Sikuwa na tarehe ya kumpa. Nawaulizeni ninyi wa matawi, ndugu zangu: nimwambie lini?

Umoja wetu ndio nguvu yetu.

Mwandalizi wa chama, Owino, Kampala